Je, wajua kwa nini kitovu cha Omega Centauri huungua pichani?

Anayepiga picha ya Omega Centauri kwa mara ya kwanza mara nyingi huambulia doa jeupe lenye nyota chache pembeni. Kamera si mbovu. Kwa macho matupu tunaona kinyota chenye ukungu, lakini lile ni fungunyota tufe: nyota zipatazo milioni 10 zilizoshikwa pamoja na mvutano wao wenyewe, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Edmond Halley, akiwa kisiwani Saint Helena mwaka 1677, aliligundua kuwa si nyota ya kawaida.

Kitovuni nyota zimesongamana mno. Pembeni zimetawanyika na ni hafifu. Kila nukta ya sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea nuru, ni kama kikombe: kikishajaa, nuru inayozidi haihesabiki tena. Ukiacha shata (kizibo cha nuru ndani ya kamera) wazi muda mrefu ili upate zile hafifu, vikombe vya katikati vimeshafurika, na rangi zinapotea. Hasara hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu uzuri wa fungu hili ni majitu yake, yaani nyota kubwa mno, mekundu na ya njano yaliyochanganyika na nyota za samawati.

Dawa ni kupiga picha fupi, tena nyingi. Kama huna mota ya kufuata mzunguko wa Dunia, ufupi ni lazima: kwa lenzi ya milimita 200, sekunde moja tu inatosha kuisogeza nyota nukta mbili hivi kwenye sensa nyingi. Picha moja ya namna hiyo huwa giza na chenga tupu, yaani vidoadoa vya kamera. Programu za bure kama Siril na DeepSkyStacker huzipanga picha hizo nyota juu ya nyota na kutoa wastani. Picha 100 hushusha chenga hadi sehemu ya kumi.

Sisi tuna bahati. London fungu hili halichomozi kabisa, ilhali Dar es Salaam mwishoni mwa Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, liko karibu nyuzi 50 juu ya upeo wa kusini. Anza na Beta Centauri, nyota ang'avu karibu na Msalaba wa Kusini, pita nyota ya Epsilon Centauri, kisha endelea mbele kwa umbali karibu uleule hadi kwenye fungu.

Hifadhi picha ghafi, RAW, wala si JPEG. Na ukiwa kwenye kompyuta, pandisha mwanga kidogo kidogo huku ukikitazama kitovu, maana hata picha iliyopigwa vizuri inaweza kuungulia hapo.