Kiwanja kilichokuwa gereji: wasemayo watu na ukweli ulivyo

“Majani yameota, ardhi imeshapona.” Hii ndiyo ninayoisikia zaidi Unguja kila kiwanja cha gereji ya zamani kinapouzwa. Majani si daktari. Oili chafu huliwa kidogo kidogo na vijidudu vya udongoni, kwa miaka. Madini ya risasi ya betri mbovu hayaozi; hukaa palepale juu juu, mtoto anapochezea kisha akatia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Haina harufu, na kwa macho huijui. Ni kupima tu.

“Tumwage kifusi juu, yaishe.” Udongo safi na mnene utazuia mikono ya mtoto, kweli. Mvua hauizuii. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu na mapango. Masika yakinyesha, kilichomwagwa juu hushuka upesi kwenye maji yaleyale tunayoyavuta visimani. Na kifusi chenyewe kimetoka wapi? Mara nyingi hakuna aliyeuliza.

“Maji tutayachemsha.” Kuchemsha kunaua kipindupindu. Risasi haifi: maji hupungua kwa mvuke, yenyewe inabaki.

“Pakiwa pachafu lazima pafukuliwe pote.” Si lazima. Uingereza, sheria iliyoanza kutumika 2000 inazitaka halmashauri zikague ardhi za maeneo yao, na hutazama mambo matatu: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfika nani. Kimoja kikikosekana, mnyororo umekatika. Pengine kufunga kisima kunatosha, au kumwaga zege na kupafanya pa kuegesha magari. Hesabu hiyo haihitaji visa kuja Zanzibar.

“Mwenye gereji kashahama, hakuna wa kuulizwa.” Wapo. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya 2015 ndiyo iliyounda ZEMA, mamlaka yenye kazi ya kusimamia mazingira, na manispaa ina mkono wake katika ujenzi. Lakini mimi ningeanza kwa sheha na wazee wa mtaa. Hao ndio wanaokumbuka shimo la oili lilikuwa kona ipi na betri zilikuwa zikipasuliwa chini ya mwembe gani, na mpimaji akichota udongo kona nyingine, karatasi ya majibu itasoma safi.