Mdudu adimu haoni bango la hifadhi

"Msitu una mpaka na askari, wadudu wamo salama." Nimeisikia Kakamega, nikaisikia tena Nakuru.

Ukweli ni kwamba hifadhi zetu nyingi zilipimwa kwa macho ya mtu anayetazama ndege, miti na kifaru. Ua wa Ziwa Nakuru humzuia nyati, lakini dawa iliyopulizwa shambani jirani huvuka na upepo. Ujerumani walipima wadudu warukao katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa, mengi yakizungukwa na mashamba. Matokeo yalitoka 2017: katika miaka 27 uzito wa jumla wa wadudu hao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Ndani ya hifadhi, tafadhali, si sokoni.

"Mdudu ana mabawa, akikosa hapa ataruka pale." Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inasikika kama akili. Chukua siafu. Malkia wao hana mabawa kabisa. Kundi likigawanyika, malkia hutembea kwa miguu pamoja na watu wake. Kati ya Kisere, kipande kidogo cha msitu kilichojitenga, na msitu mkubwa wa Kakamega kuna mashamba na makazi ya watu. Aina ya siafu inayotegemea kivuli cha msitu ikiisha Kisere, hakuna malkia atakayeshuka kutoka angani kuanza upya. Na siafu wakipungua, ndege wanaofuata misafara yao ili kudaka wadudu wanaokimbia hubaki bila meza ya kulia.

Vipepeo nao? Kakamega ina takriban aina 400, kwa kuwa ni kipande cha mashariki cha misitu ya jamii ya Kongo. Wanaruka, ndiyo, ila viwavi wa wengi hula mimea michache tu wanayoijua. Kwa hiyo anayesema "bora kijani" ajue kuwa shamba la mikaratusi au chai kwa kiwavi wa namna hiyo ni jangwa lenye majani.

"Nani ataiba mdudu?" Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru wakiwa na sisimizi malkia wapatao 5,000, wengi wao wakiwa wamefungiwa ndani ya mirija midogo ya maabara. Wengi tulicheka, maana huku kwetu kumbikumbi huokotwa kwa sufuria mvua ikinyesha. Mahakama haikucheka: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka jela. Kila malkia aliyebebwa angeweza kuanzisha kundi zima.

Kuna pia wanaoona gogo lililooza msituni kama uchafu, au kuni zinazoharibika bure. Lipasue taratibu uone: mabuu ya mbawakawa humo humo, wengine wakikaa miezi na miezi kabla ya kutoka. Ukimaliza kuangalia, lirudishe lilivyokuwa.