Kughairi Safari ya Meli ya Kitalii Siku Zikiwa Zimebaki Chache: Dhana Potofu na Ukweli

Siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu mstaafu wa Tukuyu au mfanyabiashara wa kahawa wa Mbozi akiwa na tiketi ya meli ya kitalii. Wengine huenda kupandia Durban, ambako meli hutoka kuelekea pwani ya Msumbiji. Wengine wamelipiwa na watoto walioko Ujerumani au Uingereza ili wazunguke Bahari ya Mediterania kwa wiki nzima. Ni pesa nyingi, na kwa familia nyingi ni akiba ya miaka. Kisha jambo linatokea: ugonjwa, msiba, viza imekataliwa, na meli inakaribia kung'oa nanga. Hapo ushauri wa mtaani huanza kumiminika, na mwingi wake humwongezea hasara mtu ambaye tayari ana shida. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi huku kwetu, na hivi ndivyo mambo yalivyo.

"Ongea nao vizuri, watakusogezea tarehe"

Dhana hii ina chimbuko lake. Ukiwahi stendi ya Nane Nane na kumweleza wakala wa basi kwamba umepatwa na dharura, mara nyingi mtaelewana, utasafiri kesho au keshokutwa. Ni uungwana wetu, na ni mzuri.

Mkataba wa meli ya kitalii una jedwali la makato, nawe ulilikubali siku uliyolipa hata kama hukulisoma. Makato hupanda kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia. Kampuni hutofautiana, lakini mpangilio wa kawaida ni huu: kabla ya tarehe ya kumaliza malipo, ambayo kwa safari nyingi huwa kati ya siku 60 na 120 kabla ya kuondoka, unapoteza malipo ya awali tu au hupotezi kitu. Baada ya hapo inakatwa sehemu ya nauli, kisha nusu, kisha robo tatu, na katika wiki mbili za mwisho inakwenda nauli yote. Kuomba kusogezewa tarehe ukiwa tayari ndani ya jedwali huhesabiwa kuwa umeghairi safari ya kwanza na kukata tiketi mpya.

Kinachowaumiza watu wengi ni kusubiri. Mzee amelazwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, familia inasema tuvute subira, huenda wiki ijayo akapata nafuu. Nani atalaumu matumaini hayo? Lakini siku zinaendelea kuhesabiwa, na kinachohesabiwa ni siku ambayo kampuni imepokea taarifa yako ya maandishi. Siku mliyokata shauri nyumbani haimo kwenye hesabu. Kama ulinunua kupitia wakala wa Dar es Salaam na ukamwandikia Ijumaa jioni, yeye akaipeleka Jumatatu, hizo siku tatu ni zako. Kwa hiyo siku ambayo shaka imeingia, fungua jedwali kwanza uone umesimama ngazi gani na ngazi inayofuata inaanza tarehe ngapi. Ikiwa zimebaki siku mbili kabla ya makato kupanda kutoka nusu hadi robo tatu, uamuzi ufanyike leo.

Kinyume chake pia ni kweli, ingawa wachache hukisema. Ukishaingia kwenye ngazi ya mwisho ambapo nauli yote inakatwa, haraka haina tena faida kwenye nauli. Meli ikiharibika na kampuni yenyewe ikafuta safari huku wewe hujajitoa, unastahili kurudishiwa kama abiria wengine. Aliyejitoa jana yake hastahili. Lakini kama una bima, watoa bima hutaka wapewe taarifa mapema na hutaka uzuie hasara isikue, kwa hiyo waandikie wao kwanza kabla ya kuamua kungoja.

"Ukichelewa, imekula kwako yote"

Hapa ndipo pesa nyingi huachwa mezani kwa kukata tamaa. Makato ya asilimia 100 kwa kawaida ni ya nauli. Ulicholipa kina sehemu nyingine: kodi na ada za bandari, bakshishi ya wahudumu iliyolipwa mapema, matembezi ya nchi kavu yaliyonunuliwa kwa kampuni ya meli, pengine kifurushi cha vinywaji au intaneti. Kampuni nyingi hurudisha vitu hivyo usipopanda, maana kodi ya abiria asiyekuwepo hailipwi bandarini.

Tuseme mtu amelipa dola 1,600: nauli 1,200, kodi na ada za bandari 190, bakshishi 110, matembezi 100. Akighairi kwenye ngazi ya robo tatu, zinakatwa dola 900 za nauli na anarudishiwa 700. Akighairi kwenye ngazi ya mwisho kabisa, bado zipo dola 400, karibu shilingi milioni moja. Wapo wanaoziacha kwa sababu hawakuwahi kuomba mchanganuo wa malipo yao. Uombe kwa maandishi, mstari kwa mstari.

Wapo pia wanaoona aibu, wakaamua kukaa kimya na kutotokea siku ya safari. Usifanye hivyo. Matembezi na vifurushi huwa na siku yao ya mwisho ya kufutwa, na ukimya unaviua. Bima nayo ni vigumu kumlipa mtu ambaye hana hata namba ya uthibitisho kwamba alighairi.

Jambo jingine ni la chumba. Nauli hupangwa kwa watu wawili kulala chumba kimoja. Mmoja akijitoa, anayebaki anaweza kutozwa nauli ya mtu anayelala peke yake, ambayo hufika hadi mara mbili ya ile ya kwanza. Kabla mama hajaambiwa "wewe nenda tu, mimi nibaki na wajukuu", ulizeni kwanza. Kampuni kadhaa huruhusu kubadilisha jina la abiria mmoja ikiwa mwingine wa awali anabaki, hivyo dada au binti mwenye pasipoti anaweza kushika nafasi hiyo kwa ada ndogo.

"Ubalozi umeninyima viza, si kosa langu, watanirudishia"

Hawatakurudishia kwa sababu hiyo peke yake. Mikataba ya meli humpa abiria jukumu la kuwa na pasipoti na viza, na viza ikikataliwa huhesabiwa kuwa umeghairi kama mtu mwingine yeyote. Bima nyingi za safari nazo hazilipi kwa kunyimwa viza, isipokuwa ile iliyoandika wazi kwamba inalipa.

Lakini tatizo hili linaweza kukwepwa kwa kupanga tarehe. Ombi la viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, linaweza kupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na katika hali fulani huweza kuchukua hadi siku 45. Kama siku ya kumaliza malipo ya meli ni siku 90 kabla ya kuondoka, mtu wa Makambako au Njombe anayeomba miezi mitano kabla anaweza kuwa na jibu mkononi kabla hajalipa fedha kubwa. Ada ya ombi, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudi ukikataliwa. Hiyo ni hasara, lakini haifanani na hasara ya nauli nzima. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza kulipa meli kwanza wakidhani risiti italainisha ubalozi, kisha wanapanda basi kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole zikiwa zimebaki wiki tano. Anayekwenda Durban hana mtego huu, kwani Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini.

"Nina bima, sina wasiwasi"

Bima gani? Swali hilo ndilo la kwanza, na linawakuta wengi bila jibu. Bima inayotakiwa kwa viza ya Schengen, ile ya angalau euro 30,000, ni ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au umefariki. Ukighairi kabla hujaondoka uwanja wa ndege wa Songwe, bima hiyo haikuhusu hata kidogo. Unayoihitaji ni yenye kifungu cha kughairi safari, na inunuliwe kabla tatizo halijajulikana. Ukiinunua baba akiwa tayari wodini, hailipi.

Sehemu inayoniuma zaidi ni ya msiba. Kwetu, baba mdogo ni baba. Akifariki Rungwe huwezi kuwa baharini ukipigwa picha; utakuwa kwenye matanga, na hakuna jirani atakayekuelewa ukifanya vingine. Mkataba wa bima, hata hivyo, una orodha ya ndugu wanaotambuliwa: mume au mke, watoto, wazazi, ndugu wa kuzaliwa, mara nyingine babu, bibi na wakwe. Baba mdogo, shangazi na mjomba aliyekulea wanaweza wasiwemo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji akuonyeshe ukurasa wenye orodha hiyo. Ikiwa aliyekulea hayumo, tafuta bima nyingine, au ile inayokuruhusu kughairi kwa sababu yoyote, ambayo ni ghali zaidi na kwa kawaida hurudisha sehemu tu ya fedha, mara nyingi kati ya nusu na robo tatu.

Nyaraka nazo huangusha madai mengi halali. Karatasi ya ED, ile ruhusa ya hospitali ya kutokwenda kazini, inayosema upumzike siku tano haitoshi. Barua ya daktari iseme ugonjwa ni upi, ulianza lini, na kwamba mgonjwa hafai kusafiri katika tarehe za safari, nayo iwe na tarehe isiyozidi siku uliyoghairi. Kwa msiba, kibali cha mazishi husaidia kuanza, lakini watakaolipa watataka cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa hiyo anzeni kukifuatilia mapema. Bima iliyonunuliwa kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania ina mahali pa kulalamikia: TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

"Watatoa vocha, na vocha ni sawa na pesa"

Kumbukumbu ya 2020 imewapotosha watu. Machi mwaka ule, meli zilipoegeshwa kwa sababu ya korona, kampuni kubwa ziliwapa abiria kuchagua: warudishiwe fedha zote au wapewe salio la safari ijayo lenye thamani zaidi, mara nyingi asilimia 125. Lakini aliyefuta safari wakati ule ni kampuni. Ukighairi wewe, hakuna anayedaiwa kukupa salio, isipokuwa mkataba wako umesema hivyo.

Hata hivyo, salio ndilo ombi lenye nafasi nzuri zaidi ya kukubaliwa kwa hisani, kwa sababu haliwatoi fedha taslimu. Andika barua moja fupi: namba ya tiketi, tarehe ya kughairi, sababu kwa sentensi mbili, nyaraka zimeambatishwa, na unachoomba kiwe kimoja. Matusi na vitisho havina kazi hapo. Wakikubali, soma masharti yake: lina tarehe ya kuisha, liko kwa jina lako, mara nyingi halilipi kodi na ada za bandari, na ukighairi tena linaweza kupotea lote.

"Nitawapeleka mahakamani"

Mkataba wa tiketi hutaja mahakama itakayosikiliza shauri, nayo mara nyingi iko mbali sana. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya meli ya Carnival dhidi ya familia ya Shute kutoka jimbo la Washington, ilikubali kwamba kifungu kilichochapwa kwenye tiketi kinachopeleka mashauri Florida kinamfunga abiria. Kama Mmarekani wa jimbo jingine alifungwa nacho, wa Mafinga ajipime.

Sheria inayoweza kukusaidia inategemea tiketi ilinunuliwa wapi. Vifurushi vya safari vinavyouzwa katika Umoja wa Ulaya viko chini ya Agizo la 2015/2302: unaweza kujitoa wakati wowote kabla ya safari, makato yawe ya haki, muuzaji atoe maelezo ya kiasi alichokata ukimwomba, na kinachobaki kirudishwe ndani ya siku 14. Mtoto aliyeko Stuttgart aliyewalipia wazazi wake ana haki hiyo ya kuuliza, na aitumie yeye, maana mkataba ni wake. Marekani, kanuni ya tume ya usafiri wa bahari ya 2022 inahusu kampuni inapofuta safari kutoka bandari za huko au kuchelewesha kupanda kwa siku tatu au zaidi. Haimhusu abiria aliyeghairi mwenyewe.

Hapa nyumbani, wakala akiongeza makato yake juu ya yale ya kampuni ya meli, mtake aonyeshe uliposaini hilo. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, hufanya kiasi kilichoandikwa mkatabani kuwa ukomo tu. Anachostahili ni fidia ya kadiri.

"Benki itawavuta pesa"

Kupinga muamala wa kadi hufaa pale kampuni ilipoahidi kwa maandishi kurudisha fedha na haikurudisha, au haikutoa huduma. Haifai kwa makato uliyoyakubali, na kujaribu hivyo kunaweza kufunga mlango wa hisani. Muda nao ni mfupi, kwa kawaida siku 120. Fedha hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu, usiifunge wala kubadilisha laini kabla hazijaingia, na kama aliyelipa ni binti yako aliyeko London, zitaingia kwake, kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo.

Tiketi za ndege kutoka Songwe ni mkataba mwingine kabisa. Kughairi meli hakuzigusi. Zifute peke yake kabla ndege haijaondoka, na hata kama nauli hairudi, omba kodi za uwanja wa ndege.