Je, wajua? Kwa nini amplifaya ya valvu huvuma gita likiwa kimya

Washa amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), subiri zipate moto, usiguse uzi wowote. Mmmmm. Wengi huuita mvumo huo kelele tu. Lakini una noti yake, na noti hiyo ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia kutafuta ubovu.

Umeme wetu wa ukutani hupigapiga mara 50 kwa sekunde, huku na huku. Valvu zinataka mamia ya volti zinazokwenda upande mmoja tu. Rektifaya hugeuza kila wimbi lielekee huko, na hapo mawimbi 50 huwa vilima 100 kwa sekunde. Vilima hivyo hulainishwa na kapasita kubwa, zile zenye umbo la kopo. Ni kama tangi la maji juu ya paa: pampu inasukuma kwa vishindo, bomba la jikoni linatoa maji yaliyotulia. Miaka ikipita, majimaji ya kemikali ndani ya kapasita hukauka, tangi likawa kindoo, na vilima vikasikika kwenye spika.

Sasa chukua gita lenye tuni ya kawaida, bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya tatu. Hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo ukikaribiana nayo, shuku kapasita, au jozi ya valvu za mwisho, zile zinazosukuma spika, zisizolingana. Zikilingana, kila moja hufuta mvumo wa mwenzake. Mvumo ukiwa oktavu moja chini, basi ni zile 50 zenyewe, zimeingia bila kupitia rektifaya: labda kutoka kwenye nyaya za volti 6.3 zinazopasha valvu moto, labda ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) imelegea. (Spika ndogo huimeza noti hiyo ya chini, kwa hiyo tega sikio.)

Kabla ya yote hayo, chomoa waya wa gita. Kukiwa kimya, amplifaya haina kosa. Chomeka tena, kisha zunguka ukiwa umeshika gita. Mvumo ukipanda na kushuka, ni koili ya gita (waya uliosokotwa chini ya nyuzi) inayonasa umeme wa chumbani kama antena. Ndiyo sababu mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magita ya Gibson aliunganisha koili mbili zinazopingana, mvumo ukajifuta wenyewe.

Kama bado unavuma bila gita, shusha sauti hadi sifuri. Mvumo ukinyamaza, tatizo liko kwenye hatua za mwanzo za kukuza sauti: zima, acha ipoe, jaribu valvu nyingine ya kwanza. Usiponyamaza, mpelekee fundi, maana kapasita hizo zinaweza kukaa na umeme wa kuua hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Kuna wanaokata pini ya ethi, na kweli wakati mwingine mvumo huisha. Ila siku waya wa ndani ukigusa bodi la chuma la amplifaya, nyuzi za gita nazo zitakuwa na umeme, vidole vyako viko juu yake, na mdomo umegusa maikrofoni.