Kolesteroli na jeni ya PCSK9: maswali na majibu

Kolesteroli inadhuru vipi mishipa ya damu?

Mwili unaihitaji. Inayodhuru ni ile inayobebwa na chembe za LDL zinapozidi kwenye damu. Hupenya ukuta wa ateri na kujikusanya humo kama utando miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka siku utando huo unapopasuka na damu kuganda juu yake. Mshipa ukiziba kwenye moyo ni shambulio la moyo. Kwenye ubongo ni kiharusi.

Mbona ndugu wawili wanakula chungu kimoja, mmoja anayo nyingi na mwenzake kidogo?

Chakula ni sehemu tu. Kazi kubwa ya kuiondoa LDL hufanywa na ini, kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Vipokezi hivyo viligunduliwa miaka ya 1970 na Michael Brown na Joseph Goldstein wa UT Southwestern, chuo cha tiba kilichopo Dallas, Marekani, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Lakini ipo protini, PCSK9, inayotokana na jeni yenye jina hilohilo, inayosababisha vipokezi hivyo kuharibiwa. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walieleza kuhusu familia ambazo PCSK9 yao ina nguvu kupita kiasi: LDL yao iko juu sana, na moyo huwasumbua mapema.

Na ambaye PCSK9 yake haifanyi kazi?

Swali hili ndilo Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa chuo hichohicho, walilolifuatilia, na kwangu ni kati ya kazi nzuri kabisa za tiba ya karne hii. Badala ya kuwachunguza wagonjwa peke yao, waliwatafuta wakazi wa Dallas wenye LDL ya chini mno. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa miaka 15. Asilimia 2.6 walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyokatika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, ila ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88. Sababu ni kwamba ateri zao zimepumzika tangu kuzaliwa.

LDL ikishuka sana haileti madhara?

Mwanamke mmoja aliyerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama alikuwa na LDL ya miligramu 14 kwa desilita, ilhali kwa wengi huzidi 100. Alikuwa mzima, ana watoto. Mwingine kama yeye alipatikana Zimbabwe.

Dawa imepatikana?

Ndiyo. Alirokumabu na evolokumabu, sindano za kuizuia PCSK9, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Baadaye ikaja inklisirani, ambayo baada ya dozi za mwanzo huchomwa kila miezi sita. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wengi wetu, na inauma, kwani watu wenye asili ya Afrika ndio waliofungua mlango huo.

Sasa mimi nifanye nini?

Pima, hasa kama kwenu kuna aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au 65 kwa mwanamke. Ikiwa juu, vidonge vya statini vipo na bei yake ni nafuu. Navyo huliongezea ini vipokezi. Misuli ikiuma ukivitumia, mwone daktari kabla ya kuviacha. Ukikutwa na LDL ya kurithi, watoto wako nao wapimwe.