Kompresheni ya Kitonga: kuijengea Datsun 240Z hedi ya kemshafti mbili

Kila anayeikuta hedi hii, yaani kichwa cha injini, juu ya meza ya kazi hapa Ilomba, Mbeya, huuliza kwanza kuhusu kemshafti, zile shafti zinazofungua vali. Namwelewa, maana ndizo zinazoonekana. Lakini kemshafti mbili hazikuwa shabaha ya kazi hii. Zimewekwa pale ili chini yake kuwe na chemba ya mwako iliyokaa vizuri na njia za hewa zinazoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Fundi akianza kuifikiria hedi kutoka juu, ataishia na kitu cha kupendeza kwa macho ambacho hakivuti. Mimi huanza chini, kwenye chemba, ndipo nipande.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, usukani kulia. Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa gari hili. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Na lilishinda likiwa na injini ya L24, silinda sita, cc 2,393, kemshafti moja juu. Nalisema hili mapema kwa makusudi. Kama una 240Z nzima na unataka gari la kusafiria, iache injini yake kama ilivyo, irekebishe vizuri, uendeshe. Hedi ya namna hii inastahili pale tu mwenye gari anapojua anachokitaka na yuko tayari kusubiri.

Mwenye gari hili, mzee mmoja wa Mafinga, alijua. Nissan wenyewe waliwahi kutengeneza Z432 yenye injini ya S20, cc 1,989, kemshafti mbili na vali 24, na kampuni ya OS Giken ya Japani ilitoa hedi ya TC24 kwa ajili ya injini za L. Vyote hivyo ni vitu adimu na vya bei ya juu. Kilichopo kwetu ni pikapu za Nissan Hardbody, na baadhi yake zina injini ya KA24DE: silinda nne, kemshafti mbili, vali nne kwa kila silinda. Ukichukua hedi mbili za KA, ukabakiza silinda tatu kwa kila moja, unapata sita. Wapo watu ng'ambo walioifanya kazi hii, na inawezekana kwa sababu KA imetoka kwenye ukoo ule ule wa injini za L. Hata hivyo, usimwamini mtu yeyote, mimi nikiwemo. Pima kutoka katikati ya silinda hadi katikati ya silinda kwenye bloki yako na kwenye hedi zako kabla hujashika msumeno.

Kwenye hedi ya awali ya L, hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja. Vali ya kuingiza ina kipenyo cha milimita 42. Ikifunguka milimita 10, upenyo wa kupitisha hewa kuizunguka ni mzingo wake mara 10, yaani kama milimita za mraba 1,320. Weka badala yake vali mbili za milimita 36, zifungue kiasi kile kile: unapata karibu 2,260. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya theluthi mbili, na kila vali ni nyepesi kuliko ile kubwa, kwa hiyo springi haina haja ya kuwa kali sana ili kuirudisha kwa wakati kwenye mizunguko ya juu. Halafu plagi inakaa katikati kabisa. Moto unaoanzia katikati unafika ukingoni baada ya kusafiri nusu tu ya upana wa silinda. Mchanganyiko unakwisha kuungua mapema, na ile hewa ya pembeni haipati muda wa kupata joto na kulipuka yenyewe. Kwa mtu wa nyanda za juu, faida hii ya plagi ya katikati ni kubwa kuliko wingi wa vali, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo, bloki. Chemba za KA zimetengenezwa kwa silinda ya milimita 89. L24 ina 83. Ukiiweka hedi hiyo juu ya L24, ukingo wa chemba unaning'inia nje ya silinda, na hilo halikubaliki. Hivyo hedi ndiyo iliyochagua bloki. Tulitafuta L28, ambayo ilifungwa pia kwenye Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980. Silinda zake ni 86, mkimbio wa pistoni ni 79. Ukiichonga hadi 89 unapata cc 2,949. Si kila bloki inavumilia kuchongwa kiasi hicho. Hii tuliipima unene wa kuta silinda moja moja, na kabla yake tulikataa nyingine iliyokuwa imeliwa na kutu upande wa maji.

Kwenye kukata, hedi ya mbele inabaki na silinda ya 1, 2 na 3 pamoja na nyumba ya cheni, na ya nyuma inabaki na 2, 3 na 4. Usikate moja kwa moja kwenye kipimo cha mwisho. Kata kwa kuacha nyama, halafu ipeleke kwenye mashine ya kusaga na uilete taratibu hadi vipande viwili vikigusana umbali wa silinda ya tatu na ya nne uwe sawa na umbali mwingine wote. Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kisha kuchomelea, na aluminiamu haisamehe uchafu. Hedi iliyofanya kazi miaka mingi imekunywa oili hadi ndani ya vinyweleo vyake. Unaiosha, unaipasha moto, oili inachuruzika, unaiosha tena, mpaka iache kutoa. Ngozi ya oksaidi iliyo juu ya aluminiamu inayeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 2,000, wakati aluminiamu yenyewe inayeyuka chini ya nyuzi 660. Kwa hiyo ni lazima utumie mashine ya kuchomelea ya TIG ya umeme unaobadilika mkondo, wenye kuivunja ngozi hiyo, pamoja na gesi ya agoni. Vipande vyote viwili nilivifunga kwa boliti kwenye bamba nene la chuma, nikapitisha shafti za uongo kwenye makalio ya kemshafti, pale zinapokaa na kuzunguka, ili mstari usipotee, nikapasha hedi nzima hadi nyuzi 200 hivi ndipo nikaanza. Unachomelea kidogo juu, kidogo chini, unahama upande. Ukimaliza, ifunike ipoe polepole. Usiku wa Juni hapa Mbeya ni baridi kweli, na hedi ya moto ukiiacha kwenye upepo itapasuka kando ya weldi.

Kuna jambo ambalo wachomeleaji wengi hawalitaji: weldi inalainisha aluminiamu iliyo jirani yake. Ugumu wa hedi ulitokana na kupikwa kiwandani, na joto la weldi limeufuta. Ili urudi, hedi nzima inapelekwa kwenye tanuri hadi karibu nyuzi 530, inatumbukizwa kwenye maji ya moto, halafu inapikwa tena kwa nyuzi 155 hadi 160 kwa saa kadhaa. Tendo hilo linaipinda hedi kidogo. Ndiyo maana uso wa chini, makalio ya kemshafti na siti za vali vyote huchongwa baada ya tanuri, kamwe si kabla.

Mashimo ya boliti, ya maji na ya oili nililinganisha kwa gasketi iliyolazwa juu ya bloki. Yanayokubaliana yanabaki, yasiyokubaliana yanazibwa na kutobolewa upya. Uso wa chini uwe laini sana. Hedi ya aluminiamu yenye urefu wa milimita 600 ikipanda joto kwa nyuzi 80 inarefuka kama milimita 1.1, wakati bloki ya chuma cha kusubu inarefuka nusu ya hiyo. Gasketi inasuguliwa hapo katikati kila siku ya maisha yake.

Kemshafti haziungwi kama hedi. Kwenye injini ya silinda nne, nundu zinazosukuma vali za silinda zinazofuatana kuwaka zimeachana nyuzi 90; kwenye silinda sita zinaachana nyuzi 60, na mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Zinahitajika kemshafti mpya zilizochongwa kutoka chuma kizima, na hizo tuliagiza nje. Niliomba nundu za wastani, zisizoacha vali wazi muda mrefu. Hapa kwetu hewa ni nyepesi, injini inahitaji nguvu kuanzia chini ili ipande milima, na nundu kali zingeipa nguvu mahali ambapo barabara zetu hazikuruhusu kufika.

Sasa kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni inaubana mchanganyiko ndani ya silinda. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Silinda inavuta hewa pungufu, basi hata ukiibana sana haifikishi presha ya kuifanya igonge, yaani mchanganyiko ulipuke wenyewe. Mafundi wengi wa huku wameliona hilo na wanapandisha kompresheni, 11 kwa 1 na zaidi, na gari linaruka kutoka Uyole hadi Makambako bila kelele. Kisha mwenye gari anapata safari ya Dar es Salaam.

Nilimuuliza mzee atalitumia gari wapi. "Fundi, nataka liende Dar na lirudi bila kuvutwa," akasema. "Basi mzee, tutalipangia Kitonga," nikamjibu.

Anayekwenda Dar anateremka mlima mkali wa Kitonga, mkoani Iringa, hadi Mbuyuni, ambako kuna joto na hewa nzito. Kurudi ndiko kwenye mtihani: injini imepata moto, hewa imejaa silinda, mguu uko chini, gia ya pili au ya tatu, mlima mrefu, na mbele yako kuna lori usiloweza kulipita. Kabureta nayo inaongeza tatizo. Kabureta iliyopimwa Mbeya imewekewa jeti (tundu za kupitishia petroli) ndogo ili isimwage petroli kwenye hewa nyepesi. Ikishuka bondeni, jeti zile zile zinatoa petroli kidogo kuliko hewa inayoingia. Petroli pungufu na presha kubwa kwa pamoja ndivyo vinavyotoboa pistoni. Jeti kuu nilizichagulia bonde, nikakubali injini itumie petroli zaidi kidogo ikiwa Mbeya.

Nilichagua 10 kwa 1, na plagi ya katikati ndiyo iliyonipa ujasiri huo. Hesabu yake ni nyepesi. Silinda moja ina cc 491.5. Gawa kwa 9, unapata nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa: cc 54.6. Gasketi ya kipenyo cha milimita 90 na unene wa 1.2 ikishabanwa inachukua cc 7.6. Zinabaki 47 za kugawana chemba na mifuko ya vali kwenye kichwa cha pistoni. Chemba unaipima kwa kuifunika na kipande cha plastiki angavu kilichopakwa grisi ukingoni, kina tundu dogo, kisha unamimina mafuta ya taa kutoka kwenye bureti hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Chemba sita zisitofautiane hata nusu cc. Iliyo ndogo unaikwangua kidogo kidogo mbali na siti za vali.

Nafasi kati ya vali na pistoni hupimwa kwa udongo laini wa kuchezea watoto: unaubandika kwenye pistoni, unafunga hedi, unazungusha injini kwa mkono, unafungua, unakata udongo na kupima unene. Sikubali chini ya milimita 2 kwa vali za kuingiza na 2.5 kwa za kutolea moshi, kwa sababu hizo za moshi zinarefuka kwa joto na pistoni ndiyo inayozifukuza.

Moshi sasa unatokea upande wa kulia, ambako ndiko unakopita mkono wa usukani. Manifodi ilibidi ikunjwe kwa mirija ya chuma na kuwekewa kinga ya joto. Kifuniko cha rejeta ni kipya na ni cha presha sahihi; kwenye mwinuko wetu maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 94, na kifuniko kilicholegea kinaweza kuiua hedi ya aluminiamu kwa siku moja.

Tulilipeleka Kitonga likiwa limeshatembea vya kutosha kulaza ringi. Taiming ya moto, yaani digrii ambazo plagi inawaka kabla pistoni haijafika juu, niliianzia 28 kwa jumla. L ya kawaida huhitaji 34 hadi 36, lakini chemba hii inaungua haraka. Tulipanda na madirisha wazi tukisikiliza. Juu tukaendelea hadi Ilula, tukasubiri injini ipoe, maana kufungua plagi kwenye aluminiamu ya moto ni kung'oa meno ya tundu lake. Kinachotafutwa kwenye plagi ni vidoa vidogo vyeusi au vya fedha kwenye kauri, kwani hiyo ni dalili ya pistoni kuanza kuumia hata kama sikio halikusikia mgongano. Plagi zote sita zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, hazina doa. Digrii 28 zikabaki. Tuliporudi karakana, injini ikiwa baridi, nilikaza boliti za hedi upya kuanzia katikati kwenda pembeni, nikapima nafasi za vali zote 24, na nne kati yake zikahitaji shimu (kipande chembamba cha kurekebisha nafasi) nyingine.