Ufadhili wa Uzamivu Ayalandi: Msimamizi Hutangulia Udahili

Kila msimu wa maombi unapokaribia, waombaji kutoka Kenya na Tanzania wanaokuja kwangu kutaka ushauri hurudia kauli ileile: kwamba mtu hutafuta udahili kwanza, ufadhili hufuata, na msimamizi atapangiwa akishafika chuoni. Dhana hii imewakosesha nafasi watu wenye uwezo mkubwa, nami nimechoka kuona hali hiyo ikijirudia.

Ukweli ni kwamba fedha za uzamivu nchini Ayalandi hupita zaidi katika njia mbili, na zote mbili humpitia msimamizi. Ya kwanza ni mradi uliokwisha kupata ruzuku: mhadhiri wa University College Cork au University of Galway, kwa mfano, hutangaza nafasi yenye mada iliyokwisha kuamuliwa, kisha huchagua mtafiti kwa wasifu na usaili, karibu sawa na mtu anavyoajiriwa. Hapo huhitaji kubuni mada, bali kuonyesha kwamba unaiweza iliyopo. Njia ya pili ni kushindania ufadhili wa serikali kwa andiko lako mwenyewe, kupitia Research Ireland, taasisi iliyoanza Agosti 2024 baada ya Irish Research Council na Science Foundation Ireland kuunganishwa. Katika shindano hilo mwombaji hutaja chuo na msimamizi tangu mwanzo, na msimamizi naye hujaza fomu yake. Asipoijaza kwa wakati, ombi huanguka hata kama andiko ni zuri namna gani. Kwa kuwa dirisha hili kwa kawaida hufungwa Oktoba, anayeanza kutafuta msimamizi Septemba amekwisha kuchelewa.

Tena nakunasihi, usimwandikie mhadhiri barua uliyowatumia wengine wengi. Soma makala zake mbili au tatu za karibuni, mweleze kwa aya chache ni wapi swali lako linagusa kazi yake, na uambatishe muhtasari wa ukurasa mmoja. Wapo wanaoniambia kwamba hawajibiwi kwa sababu ya utaifa wao, lakini mara nyingi nikiisoma barua yenyewe naona imeomba fedha kabla ya kutaja mada yoyote.

Wengine huamini kwamba ufadhili kamili hulipa kila kitu. Research Ireland hutoa posho ya euro 25,000 kwa mwaka tangu 2025, pamoja na mchango wa ada usiozidi euro 5,750, ilhali ada ya anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya mara nyingi huzidi kiasi hicho. Vyuo vingine husamehe tofauti hiyo na vingine havisamehi, kwa hiyo pata jibu la maandishi kabla ya kukubali nafasi, hasa ukielekea Dublin, ambako kodi ya nyumba humega sehemu kubwa ya posho.

Shahada ya uzamili si sharti: katika shindano la Research Ireland, shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu inatosha. Ireland Fellows Programme, inayojulikana sana Afrika Mashariki, hugharimia uzamili wa mwaka mmoja, si uzamivu. Na wakala anayedai malipo ili akuombee hana analoweza kukufanyia, kwa maana andiko ni lako, na msimamizi anataka kuzungumza nawe mwenyewe.